Mwitaji wa Klabu ya Majirani

Anatoli Masalu anauza plau. Ukitoka stendi ya mabasi ya Bariadi kuelekea upande wa mnadani, duka lake ni lile lenye majembe ya kukokotwa na ng'ombe yaliyopangwa kibarazani, rangi nyekundu ya kiwandani ikiwa bado inang'aa. Ndani kuna minyororo, nati, ncha za plau na harufu ya grisi. Amezaliwa Lalago, kwa watu wa pamba na ng'ombe, akaja mjini akiwa kijana, wakati Bariadi haijawa makao makuu ya mkoa na barabara yetu bado ni vumbi tupu. Ni mtu mrefu, mnene, mwenye sauti iliyozoea kuita mifugo iliyoko ng'ambo ya mto. Mimi nina duka la kuchapa na kutoa kopi mkabala naye. Si Msukuma, nimetoka Biharamulo, lakini kwa miaka niliyokaa nikitazamana na mlango wa Anatoli, nadhani naweza kumweleza mtu asiyemjua.

Leo watu wakimtaja humtaja kwa wema. Sitaki mtu adhani alikuwa hivyo tangu mwanzo. Alikuwa mtu wa maneno makali, na aliyeyaonja zaidi ya wote ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Uledi Abubakari, mfanyabiashara wa mchele aliyetokea Ujiji.

Ugomvi wao ulianza na lori. Fuso la Uledi lilikuwa likirudi kinyumenyume kushusha magunia ghalani, likapanda kibaraza cha Anatoli na kukunja plau mpya kama waya. Uledi alitoka akasema atalipa, lakini akaongeza kwamba plau hazikai barabarani. Anatoli akamjibu maneno ambayo mtu mzima hamwambii mtu mzima mwenzake, tena mbele ya wateja. Tangu siku hiyo wakanyimana salamu. Usukumani hilo si jambo dogo. Asubuhi Anatoli akifungua mlango alisema "mwangaluka" kwa kila mtu, kuanzia Zamda muuza vitenge hadi kwangu ng'ambo ya barabara, na Uledi alipopita aliinua uso kutazama mawingu. Uledi naye alipita upande wa pili wa barabara, hata kama alikuwa na gunia begani. Waliendelea hivyo zaidi ya mwaka mzima.

Kisha ikaja ile asubuhi ya Novemba. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha, na hiyo ndiyo wiki ya Anatoli. Watu wote wanaotaka kulima wanashuka mjini kununua plau au kutengeneza za zamani, na anachokiuza wiki ile ndicho kinachomlisha hadi pamba ivunwe. Kibaraza chake kilikuwa kimejaa wakulima. Mimi nilikuwa mlangoni kwangu nikingoja umeme urudi.

Zamda alitoka dukani kwake akiwa ameshika simu kama kitu kinachomchoma. Alivuka barabara akanijia mimi, akaniambia kwamba Uledi amempigia kutoka hospitali. Mkewe, Zena, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume alfajiri, mtoto mzima, lakini mama damu haikati. Damu ya kundi lake iliyokuwepo ilikuwa imeshatumika. Wameambiwa walete watu wa kujitolea, na haraka. Ndugu wote wa Uledi wako Kigoma. Hakuwa na mtu mwingine wa kumpigia mjini hapa ila Zamda, kwa kuwa namba yake anayo kwa ajili ya vitenge vya Zena.

Zamda hakuwa ananong'ona. Anatoli alikuwa ameshika ncha ya plau mkononi, akibishana bei na wazee watatu wa Nkololo. Nilimwona akiiweka ile ncha chini taratibu, akawageukia wateja.

"Ndugu zangu, nafunga."

Mmoja akauliza kama amefiwa. Akasema bado, na ndiyo sababu anafunga.

Yaliyofuata tuliyaona kwa macho. Alianza na duka la kwanza la mstari wetu, akagonga kaunta kwa kiganja, akasema mke wa Uledi anakufa na anataka watu wenye damu. Hakuomba, aliita. Akaenda la pili, la tatu, kwa fundi cherehani, kwa muuza simenti, kwa kinyozi aliyekuwa amemnyoa mteja nusu kichwa. Wengine walisema wanakuja baadaye, naye akasimama pale pale mlangoni hadi wakaona aibu wakavaa viatu. Fuso la Uledi lilikuwa limeegeshwa penye ghala, dereva wake amelala ndani. Anatoli, ambaye mwaka mzima alikuwa akilitemea mate lile lori, alimwamsha dereva, akafungua bodi ya nyuma na kutupandisha watu wapatao kumi juu ya pumba za mchele. Yeye mwenyewe alipanda mwisho.

Hospitali tulipokelewa na muuguzi aitwaye Generoza, mwanamke mfupi mwenye maneno machache, anayehusika na uchangiaji wa damu. Alitupanga kwenye benchi, akaanza kutupima uzito na presha. Anatoli alitaka kuwa wa kwanza. Alikunja mkono wa shati hadi begani, akakaa kitini kama mtu anayekwenda kuapishwa. Generoza alimfunga kile kitambaa cha kupimia, akakitazama kipimo, akamfungua, akamfunga tena mkono wa pili.

"Baba, wewe hutoi damu leo."

"Kwa nini?"

"Presha yako iko juu sana. Hapa mgonjwa ni wewe."

Anatoli akasema yeye hajaugua tangu azaliwe, na kwamba amekimbia juani, apimwe tena akishapumzika. Akapumzika. Akapimwa. Ikawa juu kuliko mara ya kwanza. Generoza alimwambia, kwa upole lakini bila kuzungusha, kwamba akitoka pale aende moja kwa moja kumwona daktari, maana watu wenye presha ya namna ile huanguka shambani na kudhaniwa wamerogwa. Sisi wengine tukaitwa mmoja mmoja. Yeye akashusha mkono wa shati, akatoka nje.

Nilipomaliza na kupewa soda yangu nilitoka na kumkuta amekaa kwenye benchi la wodi ya wazazi. Ubavuni mwake alikuwa Uledi. Walikuwa wameacha nafasi ya mtu mmoja kati yao. Uledi alikuwa amevaa kandambili zisizolingana, moja ya bluu na moja ya kijani. Aliutazama mkono wa Anatoli, akauona hauna pamba wala plasta.

"Wamenikataa," Anatoli akasema. "Damu yangu haifai. Lakini wako wengine ndani."

Uledi alisogea kuijaza ile nafasi, akamshika Anatoli mkono, na hakuuachia hadi daktari alipotoka kutuambia kwamba damu imekata na mgonjwa amefungua macho.

Zena alirudi nyumbani wiki ya pili, mwembamba na mweupe wa midomo, lakini anatembea. Uledi alimpelekea gunia la mchele kila mmoja aliyepanda lile lori. Jambo lingeweza kuishia hapo. Majirani wanagombana, msiba unawakaribia, wanapatana; yanatokea kila mahali.

Halikuishia hapo kwa sababu ya mwanamke wa Ipililo.

Ilikuwa msimu uliofuata, pamba imeanza kuuzwa na mpunga unaingia. Nyakati hizo mjini hubaki watu wachache. Uledi alikuwa vijijini akinunua mpunga, Zamda amekwenda Mwanza kuchukua mzigo, muuza simenti yuko kwenye mashamba yake. Mchana mmoja akaja kijana anayeitwa Ngassa, mkulima wa Ipililo huko Maswa, aliyewahi kununua plau kwa Anatoli. Dada yake, Kwandu, alikuwa ameletwa Bariadi kwa rufaa baada ya mimba kuharibika na damu kumwishia. Ngassa alikuwa ameshatoa ya kwake, ikaonekana hailingani na ya dada yake. Akaambiwa atafute watu wengine. Mji mzima hamjui mtu, ila jina lililoandikwa juu ya duka la plau.

Anatoli akafunga tena. Mara hii nilimwambia mimi siwezi, maana nilikuwa nimetoa wiki chache nyuma kwa mjomba wa rafiki yangu, na mwanaume hutakiwa kukaa miezi mitatu. Akatikisa kichwa akaondoka na Ngassa. Walipita duka kwa duka na kukuta wauzaji tu walioachiwa funguo, wanaoogopa kutoka bila ruhusa. Walikwenda stendi. Walikwenda kwa mafundi wa baiskeli. Watu walisikiliza, wakasema pole, wakaangalia pembeni. Jua lilikuwa kali, na Anatoli alikuwa ameanza dawa za presha, anatakiwa asichoke. Alasiri ndipo walipompata dereva mmoja wa bodaboda aliyekubali, naye akamshawishi mwenzake. Wakaenda nao.

Walipofika, Generoza alikuwa amesimama nje ya mlango wa wodi. Ngassa alimwona tu alivyosimama, akakaa chini pale pale kwenye sakafu.

Anatoli ndiye aliyetafuta gari la kumrudisha Kwandu nyumbani. Alikwenda nalo hadi Ipililo, akashika jembe kaburini kama ndugu, akarudi baada ya mazishi. Kabla hajaondoka pale hospitali alikuwa amemuuliza Generoza kama wangewahi saa moja mapema ingesaidia. Generoza akamwambia kwamba hata watu wangepatikana asubuhi, damu lazima ipimwe magonjwa na makundi, na hilo lina muda wake.

"Baba, damu inayookoa mtu ni ile iliyokuwa kwenye friji kabla hajaletwa."

Maneno hayo Anatoli alikuja nayo. Kwa siku kadhaa alikuwa akifungua duka na hata bei hakubishana. Uledi aliporudi kutoka vijijini alishtuka kumwona hivyo, akaja kuniuliza mimi. Jumapili jioni Anatoli akatuita wote, tukakutana ghalani kwa Uledi, tukakaa juu ya magunia. Zamda alikuwepo, muuza simenti, fundi cherehani, kinyozi, na wengine wa mstari wetu. Klementina, mke wa Anatoli, alileta chai.

Hatukuzoea kumsikia akisema polepole. Alieleza habari ya Kwandu tangu mwanzo, mlango kwa mlango, bila kumlaumu aliyekataa. Kisha akasema:

"Sisi ni watu wa maduka. Mtu akija kutafuta nati kwangu, anaikuta. Akitaka mchele kwa Uledi, anaukuta, kwa sababu Uledi aliuleta kabla mteja hajasikia njaa. Damu peke yake ndiyo tunaanza kuihangaikia mgonjwa akiwa tayari kitandani. Mimi naona tuwe nayo stoo."

Kinyozi alicheka, halafu akaacha. Hakuna aliyekuwa amewahi kulifikiria hivyo.

Uledi akasema Mwanza ameona klabu za watu wenye uwezo, wanaovaa beji na kula pamoja hotelini, halafu wanapeleka vitanda hospitali. Akauliza kwa nini sisi tusiwe na yetu, isiyo na tai wala hoteli. Kila baada ya miezi mitatu mstari wote ufunge nusu siku, twende tukatoe damu hata kama hakuna mtu wetu anayeumwa. Wanawake watatoa kila baada ya minne, maana ndivyo Generoza alivyoelekeza. Muuza simenti akaona wanawake waachwe kabisa. Zamda akamuuliza kama wakati wa Zena yeye Zamda alitoa au hakutoa, na je, damu yake ilirudishwa? Hoja ikafa hapo hapo.

Siku ilitusumbua kidogo. Ijumaa kuna swala, Jumamosi wako Wasabato, Jumapili kanisa, na siku ya mnada hakuna mwenye akili anayefunga duka. Tukaangukia Jumatano. Ikakubalika pia kwamba mwezi wa Ramadhani ukigongana na zamu, zamu itasogezwa.

Ilipofika kwenye uongozi, wote tulimtaja Anatoli awe mwenyekiti. Akakataa. Alisimama akasema, na hili sitalisahau, kwamba mwenyekiti wa watoa damu lazima awe mtoa damu, na yeye amekataliwa. Uledi awe mwenyekiti. Zamda awe katibu. Tukamuuliza, na wewe?

"Mimi nitaita watu," akasema. "Miguu ninayo na sauti ninayo."

Ndivyo alivyoingia kwenye katiba yetu, ambayo niliichapa mwenyewe: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na mwitaji. Afisa maendeleo ya jamii tulipompelekea maombi ya usajili aliuliza cheo hicho ni cha namna gani. Uledi akamjibu kwamba bila hicho vingine vyote havina kazi.

Jina nalo lilituletea kichekesho. Tulikubaliana Klabu ya Majirani, lakini mchora mabango akatuandikia Kilabu, tena kwa herufi kubwa za kijani juu ya ghala la Uledi. Kwetu kilabu ni mahali pa pombe za kienyeji. Wiki nzima watu walikuwa wakisimama pale jioni kuuliza kama imeshaiva, na Uledi, mtu wa swala tano, akawa anawafukuza kwa ufagio. Klementina ndiye aliyepanda ngazi na brashi kuifuta ile herufi.

Zamu mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Ya tatu ndiyo ilitupa shida. Kuna watu walioanza kusema kwamba hakuna mfanyabiashara anayefunga duka bure. Wakasema damu inauzwa. Wakasema ni Frimasoni. Wengine wakarudisha neno la zamani, mumiani, na kwa kuwa Anatoli ndiye aliyekuwa akionekana akigonga milango, likamganda yeye. Vijana wa bodaboda walimwita hivyo kwa utani, lakini wakulima hawakuwa na utani. Novemba ilipofika, wiki yake ile ya mvua za kwanza, kibaraza kilikuwa kitupu. Mama mmoja alimvuta mwanawe mkono wavuke barabara wasipite mbele ya zile plau.

Klementina alimwomba aachane na kuita watu walau hadi msimu upite. Alikuwa na haki, watoto wanasoma. Anatoli akamwambia akiacha sasa, watakaosema ni mumiani watasema walikuwa sahihi. Akaendelea kuita. Fundi mmoja wa vitanda alimsimamisha njiani, akamwambia kwa sauti ya kusikiwa na wote kwamba anawapeleka wenzake kuchomwa sindano huku yeye hajawahi kutoa hata tone. Nilidhani Anatoli wa zamani atatoka. Alimtazama yule fundi.

"Ni kweli," akasema. "Ndiyo maana nakuhitaji wewe."

Yule fundi hakuja zamu ile, lakini neno lile lilimkaa, alikuja kuniambia baadaye.

Siku ya mnada tulikwenda wote wawili, Anatoli akiwa na plau zake kwenye mkokoteni, mimi nikiwa na shughuli zangu za mbuzi wa harusi. Hakuuza kitu. Watu walikuwa wakija, wanagusa chuma, wanamwangalia usoni, wanaondoka. Ndipo nilipomwona Ngassa wa Ipililo. Alikuwa ameleta ng'ombe wawili kuuza, akasikia kinachosemwa. Alikwenda kwa dalali aliyekuwa akinadi ng'ombe kwa kipaza sauti, akakiomba kidogo. Dalali akadhani ana tangazo la ng'ombe aliyepotea, akampa.

Ngassa alisema kwa Kisukuma, na Kisukuma changu ni cha sokoni, lakini nilikielewa chote. Alitaja jina lake na la baba yake na kijiji chake. Akasema alikuwa na dada anaitwa Kwandu. Akasema alipita Bariadi nzima akimtafutia damu, na mtu mmoja tu ndiye aliyefunga duka akatembea naye juani hadi shati likalowa, wakati dada yake hana undugu naye wala hajawahi kumwona.

"Dada yangu hakuuawa na mumiani," akasema. "Aliuawa na friji tupu. Huyo mnayemkimbia ndiye aliyemchimbia kaburi pamoja nami."

Akamrudishia dalali kipaza sauti, akarudi kwa ng'ombe wake. Hakuna aliyepiga makofi. Mnada uliendelea. Lakini baada ya muda mzee mmoja alikuja kwenye mkokoteni wetu, akainua plau kuipima uzito, akauliza bei, na nyuma yake wakaanza kusimama wengine. Anatoli aliwauzia akiwa ameinamisha kichwa, na nilijua kwa nini hataki kukiinua. Zamu iliyofuata Ngassa alikuja kwa basi la asubuhi kutoka Maswa, akatoa damu, na alikuwa amekuja na wenzake wanne. Yule fundi wa vitanda naye alikuwepo kwenye foleni.

Sasa ni mwaka wa saba. Tumeongezeka hata sijui idadi yetu kamili. Upande wa pili wa soko wameanzisha yao, na walimu wa shule ya karibu wanakuja na sisi. Uledi bado ni mwenyekiti. Zena ndiye anayepika, kwa kuwa Generoza alituambia mtu asitoe damu na tumbo tupu, na supu yake ya asubuhi ya zamu imewaleta baadhi ya watu ambao wema peke yake usingewaleta. Anatoli amepungua mwili. Daktari alimwambia atembee kila siku na apunguze chumvi. Kutembea hakumpi shida, maana siku chache kabla ya zamu anapita mji mzima kwa miguu. Ana namna ya kuita kila mtu. Wazee anawaita kwa majina ya baba zao. Wanawake sokoni anawaita mayu, mama, na anakaa kwanza kwenye ndoo iliyopinduliwa, anauliza habari za nyumbani, ndipo anasema Jumatano. Wenye duka wakorofi anasimama tu mlangoni hadi waseme ndiyo. Kila mwaka anampelekea Generoza mkono wake apimwe, na kila mwaka Generoza anamwambia, la, baba, kwa dawa unazotumia na umri wako, kaa. Anashusha mkono wa shati na kwenda kupanga benchi.

Mwezi wa nne mwaka huu alikuja mwanamke mmoja na mtoto mgongoni, ametokea Lalago. Mvua ilikuwa imetoka kukatika na barabara ni matope. Alipita akiuliza walipo watu wa Klabu ya Majirani, nami nikamwelekeza kwa Anatoli, halafu nikavuka kusikiliza. Alisema mwaka jana alijifungua kwa upasuaji, akaongezewa damu mara mbili, akaambiwa ilitolewa na watu wa maduka. Sasa ana nguvu, amekuja kumshukuru aliyeitoa. Alikuwa na kimfuko cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, alivyovitayarisha mwenyewe.

Anatoli akamweleza kwamba hilo haliwezi kujulikana. Damu ikishaingia kwenye friji haina jina. Inaweza kuwa ya mtu yeyote wa mstari huu. Mwanamke akasikitika, akautazama mfuko wake. Anatoli akafikiri, akasema basi twende.

Akampeleka duka kwa duka. Kila alipofika alisema, huyu labda, na yule mwanamke akapiga goti kidogo, akasema wabeja, asante, na kuchota michembe kiganjani akampa mwenye duka. Kwa Uledi, ambaye alimpa mtoto biskuti. Kwa Zamda, aliyelia waziwazi. Kwa kinyozi, kwa simenti, kwa fundi wa vitanda, ambaye aliipokea kwa mikono miwili. Kwangu alinipa michembe mitatu, nikaila pale pale.

Walipozunguka mstari wote na kurudi penye plau, alimgeukia Anatoli na kuuliza kama na yeye labda ndiye.

"Mimi hapana, mama. Mimi sikutoa."

Mwanamke alitia mkono mfukoni hata hivyo, akautoa mtupu. Akaugeuza mfuko, zikaanguka chenga tu. Aliona haya, akaanza kuomba radhi. Anatoli alicheka kile kicheko chake cha kusikika hadi stendi, akamwambia yeye amekulia Lalago, michembe ameila hadi meno yakachakaa. Kisha akamwomba amshushe yule mtoto mgongoni apumzike, akambeba yeye begani, na wakaondoka wakiruka madimbwi kuwahi basi la mchana.